Fundi wa stika wa Tandika: nimelipia herufi kumi na sita

Nianze na hili: banda lenyewe halina jina. Mtu kutwa anaandikia wenzake maneno ya kubandika nyuma ya bajaji na daladala, na juu ya mlango wake hakuna hata herufi moja. Nilipomuuliza akanijibu kinyozi hajinyoi, akaendelea na kazi. Kwa hiyo ukitaka kwenda, shuka Tandika sokoni, Dar es Salaam, wapite wauza mitumba, halafu uulize kwa fundi wa maneno. Ukiuliza fundi wa stika utapelekwa kwa mwingine kabisa, yule anayebandika tinti kwenye vioo. Mimi nilipelekwa huko kwanza, nikapoteza nusu saa nikitazama rangi za vioo ambavyo sina.

Mimi ni fundi cherehani. Nina bajaji moja, niliinunua mkononi kwa mtu kwa mkopo wa kikoba, na anayeiendesha ni mtoto wa kaka yangu. Kila jioni, isipokuwa Jumapili, ananiletea hesabu ya Sh 15,000. Bajaji ilikuja tupu. Nyuma haina neno, haina picha, haina hata jina la timu. Kijana akaanza kulalamika kwamba kijiweni wenzake wanamwita "bubu". Nikadhani anataka kunitoa hela tu. Baadaye nilikaa siku moja kwenye foleni ya Buguruni nikihesabu, nikakuta kweli: kila chombo kilichopita mbele yangu kilikuwa na la kusema. RIZIKI MAFUNGU SABA. HASIRA HASARA. Bodaboda mmoja kaandika HATA UKINUNA, basi, hakuendelea, kanuna nani na kwa nini hatuambiwi. Nikacheka peke yangu ndani ya daladala mpaka jirani yangu akasogeza mkoba wake.

Maneno mafupi ya kuchoma mimi nimekulia ndani yake. Nimezaliwa Tanga, na nyumbani kwetu kanga haikununuliwa kwa ua wala kwa rangi. Mama yangu dukani alikuwa anasoma jina kwanza, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Muuzaji akifunua doti kwa kuonyesha pindo na mji, mama anamwambia, "Mwanangu, nionyeshe inasemaje." Kulikuwa na jirani yetu mmoja ambaye mama hakuwahi kugombana naye kwa mdomo hata siku moja. Asubuhi mama anakwenda bombani kajifunga HASIDI HANA SABABU. Jioni jirani anaanika nguo, na ya mbele kabisa kwenye kamba, imenyooshwa vizuri isipate mkunjo hata mmoja, ni MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Mtaa mzima unasoma. Sisi watoto tulijifunza kusoma hapo kabla ya shule, na ndiyo maana mpaka leo nasoma herufi kubwa upesi kuliko ndogo.

Sasa nilipokwenda kwa fundi nilikuwa na neno langu tayari mfukoni. Nimelitoa kwenye kanga ninayoipenda kuliko zote kabatini: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE, SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Nikasema hili likikaa nyuma ya bajaji, Temeke yote itaninyamazia.

Fundi akaniuliza, "Mama, umehesabu?"

"Nimehesabu nini?"

"Herufi."

Hapo ndipo nilipojua bei yake. Hatozi kwa neno wala kwa ukubwa wa kioo. Anatoza kwa herufi, Sh 500 moja, mkato na nukta bure. Akachukua kalamu, akahesabu kwa kugonga meza: arobaini na tano. Elfu ishirini na mbili na mia tano. Nikaguna. Akaniambia nisigune, kwa sababu shida si hela. "Dereva aliye nyuma yako ataisoma hii mpaka akugonge."

Benchi likacheka. Na benchi hili nalo ni sehemu ya huduma, tena sehemu kubwa, kwa hiyo nilielezee.

Nje ya banda kuna benchi la mbao, refu, limepinda katikati kwa makalio ya miaka. Wanakaa hapo madereva wanaosubiri kazi zao ziishe, madereva wasio na kazi yoyote pale, muuza kahawa na birika lake na kashata, na mzee mmoja Mzaramo wa Kisarawe ambaye hana chombo chochote cha moto wala sijamwona akiandikisha kitu. Fundi ni Mnyamwezi wa Tabora. Mnajua wenyewe Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana inakuwaje: ni utani tangu mabibi na mababu, wa kutukanana misibani na kunyang'anyana kofia. Hawa wawili siku nzima wanachambana, na katikati ya kuchambana huko ndipo kazi ya kweli ya banda inafanyika. Ukileta neno, fundi analisoma kwa sauti, mara moja, bila kulipamba. Halafu anaangalia benchi. Benchi likicheka, anawasha mashine. Benchi likinyamaza, anakuuliza kama una lingine.

Hakuna mtu anayekwambia neno lako baya. Wananyamaza tu, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, na wewe mwenyewe unaanza kulikunja.

Nikaambiwa kanuni ya fundi: maneno matatu. Manne ukiwa mtu wa foleni. Zaidi ya hapo kanunue kanga. Mzee akaongeza kwamba zamani haikuwa hivyo. Zamani kwenye taa za Tazara mtu alikuwa anasoma methali nzima, anaitafakari, anamsomea na jirani, na taa bado nyekundu. Lilipofunguliwa hapohapo daraja la juu la Mfugale mwaka 2018, magari yakaacha kusimama sana, methali zikakatika nusu. Na Ubungo walipofungua lile la Kijazi mwaka 2021 wateja wa maneno marefu wakaisha kabisa. Sijui kama hii ni historia au ni utani wake kwa fundi, lakini tangu siku ile nimekuwa nikitazama, na naona vyombo vya njia zenye foleni bado vina maneno mengi kuliko vya barabara nyeupe.

Mzee huyo huyo ndiye aliyetukumbusha habari za chai maharage, yale magari ya zamani ambayo abiria walikaa wakitazamana kama watu waliozunguka sahani ya asubuhi. Na jinsi mwaka 1983, watu binafsi waliporuhusiwa kubeba abiria kando ya mabasi ya UDA, shirika la usafiri la jiji, makonda walivyoita nauli ya shilingi tano "dala, dala", jina likaganda mpaka leo wakati dala yenyewe ilishazikwa. Anasema neno fupi likishashika mdomo wa konda halitoki tena. Mimi nilifika Dar mwaka 1994, nikawakuta mafundi wa brashi na rangi ya mafuta, waliokuwa wakiandika vipanya, zile daladala ndogo, kwa mkono, herufi ina kivuli, kivuli kina kivuli chake. Wale walitoza kwa siku. Nadhani ndiyo maana waliandika mengi.

Haya. Nikakunja neno langu. NAOGOPA MENO SIO MANENO. Ishirini, elfu kumi. Nikaliona limekaa vizuri, lina mizani, meno na maneno zinafuatana kama ndugu. Fundi akalisoma kwa sauti. Benchi kimya. Vikombe ngo, ngo.

Kijana mmoja wa bodaboda akasema taratibu, kwa heshima kabisa, "Mama, watu watajua dereva anaumwa jino."

"Mpeleke akang'oe tu," mzee akamalizia.

Hapo nilikasirika kidogo, nakiri. Neno limetoka kwenye kanga inayopendwa pwani nzima, nani wao wa kulinyamazia? Lakini nikalisoma tena kwa macho ya mtu aliye kwenye Coaster, amechoka, ana njaa, anaona NAOGOPA MENO kwenye kitako cha bajaji. Wana haki. Kwenye kanga lile neno linatembea na mtu, lina mwendo, lina jicho la mama yangu juu yake. Nyuma ya bajaji halina mtu wa kulisaidia.

Mtoto wa kaka yangu muda wote huo alikuwa kimya, amejiegemeza kwenye usukani, anajua nikikasirika huwa sisemeshwi. Ndipo akasema, kama mtu anayeongea na viatu vyake, "Shangazi, si uandike tu SHANGAZI KANITUMA."

Fundi hata hakulisoma kwa sauti. Muuza kahawa alimwaga.

Kumi na sita. Elfu nane.

Nitaeleza kwa nini lilichekesha, ingawa najua kichekesho kikielezwa kinakufa. Hiki kimeshaishi vya kutosha. Kijana anakimbiza bajaji, anachomekea, anapita pembeni ya barabara, kosa si lake. Katumwa. Na aliyemtuma si tajiri, si bosi, si serikali. Ni shangazi. Hakuna mtu Dar es Salaam asiyekuwa na shangazi ambaye akikutuma unakimbia. Kwa maneno mawili kaniweka mimi barabarani, na mimi ndiye ninayelipa.

Sasa kazi yenyewe. Ana kompyuta ya zamani na mashine ya kukatia, na mafurushi ya stika kayasimamisha ndani ya ndoo kama miwa. Aliponionyesha neno kwenye kioo cha kompyuta nilisoma SHANSAZI. Anapenda sana mwandiko mmoja wenye mikia, G yake imejikunja mpaka inafanana na S. Nikamwambia mimi si Shansazi wa mtu. Akabisha, nikamwita muuza kahawa asome, akasoma Shansazi. Akabadilisha. Ukienda, mkatalie huo mwandiko mapema, maana yeye ataurudia.

Mashine ikishakata, kinachofuata ndicho nilichokipenda kukitazama kwa sababu kinafanana na kazi yangu. Anachukua pini, anaanza kudonoa nje vipande visivyotakiwa. Anatoa stika yote inayozunguka herufi kwa mvuto mmoja, polepole, kama unavyofumua upindo bila kuchana kitambaa. Halafu zinabaki zile pembetatu ndogo ndani ya A. Neno langu lina A nne. Alizidonoa zote nne akazipanga ukuchani mwake, kumbe ana kawaida ya kumbandika mzee wa Kisarawe mgongoni bila mwenyewe kujua. Mzee yule siku ile aliondoka na pembetatu za fedha kwenye koti, amemeremeta.

Kisha anapuliza maji ya sabuni kwenye kioo, anaweka tepu juu ya herufi, anabandika, anakamua maji kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Katikati. Hapindishi hata kidogo, hapo nampa haki yake, mimi ni mtu wa kupima kwa jicho na sikuona kasoro.

Rangi nilichagua fedha. Hilo lilikuwa kosa langu, alinionya. Usiku taa ikiipiga inawaka kama jina la sinema, lakini saa saba mchana jua likiwa utosini husomi kitu. Chukua njano au nyeupe.

Kuhusu muda: aliniambia njoo saa nne, akafika saa tano na nusu. Wenye haraka mjue.

Lipo jambo jingine kuhusu banda hili ambalo sikulitegemea. Kuna sheria. Matusi hakati, hata umpe elfu moja kwa herufi. Neno la kumtaja mtu kwa jina hakati. Na neno ambalo tayari liko kwenye chombo cha kijiwe hichohicho, hakati mpaka mwenyewe akaseme pale kwenye benchi kwamba ameruhusu. Nilimwona akimrudisha kijana mmoja aliyetaka ONDOA SHAKA kwa sababu ipo bajaji ya kijiwe chake yenye neno hilo. Kijana akasema maneno ni ya wote. Mzee akamjibu kwa kanga, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Akaondoka kwenda kutafuta nyota yake. Ukilipeleka neno Gongo la Mboto huko, ruksa, ni bahari nyingine.

Tahajia nayo ana msimamo wake. Mteja akileta SAFALI NJEMA, fundi anamuuliza, "Safari?" Akisema ndiyo, safali, anamuuliza tena. Mara ya tatu akishikilia, anakata kama alivyotaka, maana mwenye chombo ndiye mwenye mdomo. Benchi linazipenda sana hizo. Mimi hapo sikubaliani naye. Mtu akinipa kitambaa akasema mkono mmoja uwe mrefu kuliko mwenzake, simshonei. Tulibishana kidogo, akanimaliza kwa kusema nguo anaivaa mmoja, safali wanaisoma wengi na wote wanafurahi.

Wapo pia wanaoleta maneno ya Mungu, na benchi hapo linakuwa na adabu, ila si sana. Siku ile alikuja mwenye Hiace anataka SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Ni neno la kanga hilo, mama alikuwa nalo. Mzee akamuuliza, "Na wewe unayedai nauli?" Mwenye Hiace hakufikiri hata kidogo: "Konda." Akapewa kahawa bure. Akalipia herufi zote ishirini na saba bila kunung'unika, akaliweka refu vilevile. Niliona wivu. Huyo anapita njia ya foleni.

Mabasi ya mwendokasi ndiyo magari pekee mjini yasiyo na la kusema. Tangu yaanze mwaka 2016 nimeyapanda mara nyingi, yana namba, yana rangi, yanafika. Lakini ukikaa nyuma ya mwendokasi huna cha kusoma, unabaki unawaza madeni yako.

Basi tukaanza kazi na neno letu. Siku ya tatu trafiki akamsimamisha kijana. Akazunguka nyuma, akasoma, akarudi mbele. "Shangazi amekutuma upite taa nyekundu?" Kijana akasema hapana afande, amenituma niwahi, nyekundu nimejituma mwenyewe. Trafiki akacheka, akamwonya, akamwachia. Aliponisimulia nilimgombeza kwa ile taa, halafu nikaingia chumbani kucheka.

Abiria nao wakaanza kumuuliza: shangazi gani, katuma nini, anakaa wapi. Wengine wanapanda kwa sababu ya neno tu. Sisemi hesabu iliongezeka. Ilibaki Sh 15,000 ileile. Ila siku za kuja na sababu badala ya hela zilipungua. Nafikiri mtu akibeba jina lako mgongoni kutwa, jioni anaona aibu.

Wiki ya pili ikatokea kijiweni bajaji moja imeandikwa MJOMBA HAJUI. Herufi kumi na moja, nyeupe, mwandiko wenye mikia. Dereva wake mimi simjui, mjomba wake simjui, na asichokijua mjomba hatukijui. Lakini zile bajaji mbili zikiegeshwa pamoja, SHANGAZI KANITUMA na MJOMBA HAJUI, kinakuwa kisa kizima cha ukoo wa watu, na kila anayepita anakimalizia mwenyewe. Nilisimama nikatazama kamba ya jirani yetu wa Tanga imeanikwa hapo Tandika, kwenye matairi matatu.

Baada ya siku kumi hivi ikaja ya tatu. MJOMBA KASHAJUA.

Nasikia huyo alilazimika kwenda kwenye benchi pamoja na mwenye MJOMBA HAJUI kuomba ruhusa, na ruhusa ikatolewa mbele ya mashahidi kwa bei ya kahawa ya watu wote waliokaa.

Sasa lawama, maana nisije nikaonekana nimehongwa. Wakati fundi anabandika neno langu, alipofika katikati ya KANITUMA alikuja mtu wa bodaboda na haraka zake, fundi akageuka kumjibu, na kipande kile cha kioo hakukifuta kwa spiriti. Niliona. Nikasema moyoni yeye ndiye fundi. Mvua za vuli zilipoanza, siku ya kwanza tu, T ikabanduka. Moja tu, zingine zote zilishika.

Nani kaliona kwanza sijui. Mimi niliona jioni kijana analeta hesabu uso umemvimba kwa kicheko anachokizuia. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia, shangazi, nenda nyuma ukasome.

SHANGAZI KANI UMA.

Kutwa nzima ameulizwa kaumwa wapi. Abiria mmoja mama mtu mzima alimpa pole ya kweli na kumwelekeza dawa. Kijiweni walikuwa wameshamwongoza kwenye benchi la fundi kabla hata hajanifikia mimi, aonyeshe mkono.

Kesho yake nikaenda Tandika nikiwa nimekasirika kama mteja. Nikamwambia fundi, herufi moja mia tano, yangu imedumu miezi miwili, hiyo si kazi. Hakubisha. Akasema kweli, kioo hakikufutwa, akawasha mashine, akakata T mpya bure, akadonoa, akaweka tepu. Hilo nampa nyota. Akasimama nyuma ya bajaji na kitambaa chake cha spiriti mkononi.

Benchi likanyamaza. Vikombe ngo, ngo.

"Mama," mzee wa Kisarawe akasema, "ulikuja hapa unaogopa meno."

Nikalisoma tena. Nikaona jinsi lile pengo lilivyokaa, kama kinywa cha mtu aliyeng'olewa jino. Nikamuuliza fundi kama anaweza kuisogeza ile UMA ikae karibu, lisomeke neno moja. Akasema stika ikishashika haihami, ni kubandua na kukata nyingine. Herufi tatu.

Nikatoa 1,500. Safari hii alifuta kioo mara mbili, na njano, si fedha. T niliondoka nayo mkononi kwenye karatasi yake. Iko kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo, ya siku nitakayochoka kuuma.